Taa kumi na moja na LUKU moja: shajara ya nyumba yetu, Temeke

2 Februari

Umeme ulikatika usiku wa kuamkia tarehe mosi, na safari hii si mgao. Uniti zimeisha. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma, choo na bafu kwenye kona. Kaya sita, mita moja ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kila chumba kinatoa 20,000 kwa mwezi. Januari tulinunua umeme wa 120,000, ikakatwa 1,500 ya kodi ya jengo (hiyo ni ya mama mwenye nyumba, huturudishia bila maneno), tukapata uniti 332. Zote zimeliwa.

Asubuhi kikao kimefanyika barazani bila mtu kukiitisha. Mama lishe kasemwa kwa friji lake. Yeye kamsema fundi cherehani kwa pasi. Fundi kajibu kwamba pasi yake ni ya mkaa na kila mtu anaiona. Kijana wa bodaboda kasemwa kwa redio, ambayo hata kama ingeimba mwaka mzima isingemaliza umeme wa watu sita. Mzee wa chumba cha nyuma, mlinzi mstaafu, kanyamaza, na sisi tukadhani ni busara ya umri.

Mwisho mama mwenye nyumba kanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda na makaratasi. Chukua daftari, utuambie umeme wetu unakwenda wapi." Nimechukua. Nina mpaka mwisho wa Machi.

4 Februari

Nimeanza na taa, kwa sababu ndizo hazina mwenyewe. Friji lina mtu wa kulitetea. Taa ya korido haina.

Nimehesabu kumi na moja. Barazani kuna globu ya wati 60. Korido ina globu mbili za 60. Uani kuna enaji seva ya 25, ile ya mabomba yaliyojisokota kama chapati ya maji iliyoharibika. Choo na bafu vinachangia globu moja ya 40 iliyopachikwa juu ya ukuta unaovitenganisha, nusu ya mwanga huku, nusu kule. Vyumbani: mama mwenye nyumba 60, fundi cherehani 100, mama lishe 40, bodaboda enaji seva ya 20, mzee enaji seva ya 15, na mimi LED ya 9 niliyonunua mwaka jana.

Kisha nimefanya kazi ambayo watu wengi hawaifanyi, yaani kuandika kila taa inawaka saa ngapi kwa siku. Hapo ndipo picha ilipogeuka. Fundi cherehani alikuwa mshitakiwa wangu wa kwanza kwa globu yake ya 100. Kumbe anaiwasha saa sita tu, tangu magharibi mpaka anapochoka. Hiyo ni uniti 18 kwa mwezi (uniti moja ni wati 1,000 zikiwaka saa moja). Korido yetu haina dirisha, na taa zake mbili zinawaka saa 16, tangu mama lishe anapoamka saa kumi usiku kwenda kukoroga unga, zinazimwa mchana watu wakikumbuka, zinawashwa tena. Wati 120 kwa saa 16 ni uniti 1.92 kwa siku, karibu 58 kwa mwezi.

Sisi tunalipa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato. Ukiweka VAT asilimia 18, REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika 356. (Jirani yangu wa kazini, mwenye chumba na sebule na mita yake, hazidishi uniti 75 kwa mwezi, basi analipa 100 kabla ya makato. Kuchangia mita kuna gharama zake.) Uniti 58 mara 356 ni zaidi ya 20,000. Yaani mchango wa chumba kizima. Korido ni mpangaji wa saba, na halipi.

Jumla ya taa zote kumi na moja kwa hesabu ya daftari: uniti 141 kwa mwezi. Za pamoja peke yake ni 103.

8 Februari

Karatasi ni karatasi. Nilitaka kuiuliza mita yenyewe.

Mita yetu iko ukutani barazani, na ina kataa kekundu kanakopepesa. Chini yake pameandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kanapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja. Basi ukigawa 3,600 kwa sekunde zinazopita kati ya pepeso moja na jingine, unapata wati zinazotumika wakati ule. Globu moja ya 60 ikiwaka peke yake, kataa kanatakiwa kupepesa kila baada ya sekunde 60. Hesabu tamu kama hii haitokei mara mbili maishani.

Shida ni kwamba lazima nyumba nzima izimwe. Nimesubiri saa sita mchana, wengi wakiwa kazini, nikazunguka chumba kwa chumba nikiomba watu wachomoe kila kitu. Mama lishe kachomoa friji akiwa amenikazia macho. "Dakika kumi, kaka. Ya kumi na moja nyama yangu unainunua wewe."

Nimerudi barazani na simu mkononi. Nyumba kimya, feni zimesimama, hakuna hata redio. Kataa kakapepesa.

Nikafikiri ni mabaki. Nikasubiri. Kakapepesa tena. Nimehesabu mara tano: sekunde 37, 37, 36, 37, 37. Hiyo ni wati 97, ndani ya nyumba iliyozimwa.

Nimefuata nyaya. Kwenye taa ya choo kuna waya mweupe mwembamba unaotoka nyuma ya holda, unapita juu ya ukuta, unaingia chini ya bati la banda lililo nyuma ya chumba cha mzee. Nimeinama nikachungulia. Boksi kubwa la televisheni, maranda ya mbao chini, vifaranga hamsini wa chotara, na juu yao, ikining'inia kwa kamba ya katani, globu ya wati 100 ikiwaka jua la saa sita mchana. Kama ungekuwa wizi ungefichwa vizuri zaidi.

Hiyo ndiyo taa ya kumi na mbili. Saa 24 kwa siku: uniti 2.4. Kwa mwezi uniti 72, shilingi 25,600 na ushee. Inakula kuliko korido.

Kabla sijawaruhusu watu kuwasha, nimemwomba mzee azime dakika tatu nikapima globu moja ya korido. Sekunde 62, wati 58. Mita haina uongo, na globu pia.

9 Februari

Nimekwenda kwa mzee jioni, peke yangu, na shikamoo ndefu. Sikutaka jambo hili liamuliwe barazani.

"Mzee wangu, ile taa ya bandani..."

"Mwanangu," kasema, "ile si taa. Ile ni mama yao."

Na ana haki. Globu ya zamani ni waya mwembamba wa tangsteni unaopashwa mpaka unang'aa. Karibu umeme wote unaoingia unatoka kama joto, na mwanga ni makombo tu. Kama taa ni kitu cha hovyo. Kama jiko la vifaranga ni kifaa kizuri kuliko vingi, maana kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 mpaka 35, na kila wiki unapunguza kama nyuzi tatu mpaka manyoya yatimie. Mzee anaifanya kazi hii tangu Desemba, kundi la kwanza likitoka jingine linaingia, hivyo globu haijawahi kuzimwa. Hakudhani inakula kitu. "Ni globu tu, si friji."

Tumekaa pale tukiwatazama. Vifaranga wana siku tisa na hili ni joto la Februari la Dar es Salaam. Wote walikuwa wamejibana pembeni mwa boksi, mbali na taa, midomo wazi. Mzee kawaangalia kitambo. "Wanaikimbia," kasema. Tumekubaliana: mchana izimwe, usiku iwake mpaka mwisho wa mwezi, na kuanzia kundi lijalo globu hiyo ailipie mwenyewe nje ya mchango. Kaniuliza kama nitawaambia wengine. Nimemwambia nitaandika "taa ya uani, nyingine". Nimeandika hivyo.

12 Februari

Kariakoo. Nilikwenda na bajeti niliyotoa mfukoni, nirudishiwe kwenye akiba. Globu ya kawaida 1,000. LED zinaanzia 2,500 na kupanda, na zote zina picha ya nyumba nzuri kwenye boksi. Kijana wa dukani kanionyesha za 2,500 zilizoandikwa wati 15. "Hizi, bosi, mwanga wake ni wa uwanja wa mpira." Nimechukua sita.

Nimefika nyumbani kugundua kosa la kijinga. Holda za barazani na vyumbani ni za pini, zile za kusukuma na kugeuza kidogo, na zote sita nilizonunua ni za pini. Holda za korido ni za kuzungusha. Nimeishi humu miaka minne na globu za korido nimezibadilisha kwa mkono wangu.

13 Februari

Kijana wa bodaboda kataka kusaidia. Jana usiku katoa LED moja kwenye boksi langu akaenda kumwekea mzee bandani badala ya ile globu, ili "kuku nao waende na wakati". Taa ikawaka nyeupe kali. Alfajiri mzee kakuta vifaranga wamerundikana kona moja kama mchanga uliomwagwa, na mmoja wa chini kabisa amekufa. Globu imerudishwa saa kumi na moja asubuhi. Bodaboda kaomba radhi mara tatu. Mzee hakugomba, kamwambia tu ashike LED ile ikiwa inawaka. Kashika. Vuguvugu shingoni, kichwani baridi. "Sasa shika ile."

Hakuishika.

15 Februari

Nilikuwa na mashaka na zile za "wati 15". Mwanga wake haukuwa wa uwanja wa mpira, ulikuwa wa kibanda cha chipsi. Fundi cherehani kanikopesha vipande viwili vya kubadilisha holda, nimezifunga nne barazani, koridoni na uani, nikazima kila kingine (mama lishe kanipa dakika tano) nikakaa chini ya mita. Nne za 15 ni wati 60. Kataa kangepepesa kila sekunde 60.

Sekunde 128.

Hiyo ni wati 28, yaani kila moja 7. Boksi limeandika zaidi ya mara mbili ya kilichomo. Mtu anaweza kusema afadhali, zinakula kidogo, lakini nimelipia mwanga na mwanga haupo. Nilipoligeuza boksi nikaona nilichopaswa kukitafuta tangu mwanzo: hakuna lumeni. Wati zinakwambia taa inakula kiasi gani, lumeni zinakwambia inatoa nini. Globu ya 60 hutoa kama lumeni 700 hadi 800. LED nzuri ya wati 9 hutoa zilezile. Boksi lisiloandika lumeni linajua kwa nini halijaandika.

Dukani wamebishana nami nusu saa, kisha wamekubali kubadilisha sita za 2,500 kwa tatu za 5,000, zenye lumeni zilizoandikwa kwenye boksi. Nimeongeza 15,000 nikachukua nyingine tatu, mbili kati yake za kuzungusha. Za barazani na mama mwenye nyumba ni wati 9. Za korido 7, maana korido si mahali pa kusoma. Mama lishe 7, chooni 5. Nikiwa palepale nimechagua kwa saa, si kwa mwenye chumba: bodaboda na mzee wabaki na enaji seva zao. Kumbadilishia bodaboda ya 20 kwa ya 9, kwa saa zake tano za usiku, kunaokoa kama shilingi 590 kwa mwezi. Taa ya 5,000 ingejilipa baada ya miezi minane na zaidi. Ikifa yenyewe tutabadilisha.

Chooni ndiko nilikokuwa na uhakika zaidi. Enaji seva haipendi kuwashwa na kuzimwa kila dakika, inachoka haraka, tena inachukua muda kushika mwanga wake wote. Mtu mwenye haraka ya choo hasubiri. LED hiyo si shida kwake.

20 Februari

Mama mwenye nyumba kaikataa taa yake. "Hii ya hospitali. Nikijitazama kwenye kioo naona marehemu."

Nilimletea nyeupe ya 6500K. Hiyo K ni ya Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, nacho kinakwenda kinyume na unavyotarajia: namba ndogo ni njano, ya moto, kubwa ni nyeupe inayoelekea buluu. Globu yake ya zamani ilikuwa kama 2700. Watu wengi wanaamini LED lazima iwe nyeupe kwa sababu ndizo zinazojaa madukani. Nimebadilishana: nyeupe yake nimeipeleka chumbani kwangu, yangu ya 9, ambayo ni 3000K, nimempa yeye. Kawasha, kazima, kawasha. "Hii ndiyo uliyokuwa unanificha?"

24 Februari

Korido ina jini. Ndivyo tulivyoambiwa asubuhi na binti wa mama lishe, ambaye aliamka usiku akaona taa za korido zimezimwa lakini "zinatazama". Nimekwenda usiku kuhakikisha. Kweli. Swichi imezimwa na LED zote mbili zina mwanga hafifu, kama jicho la paka, wa kutosha kuona umbo la balbu na si kitu kingine.

Mama mwenye nyumba kaniuliza kwa sauti ya chini kama nilisema bismillahi nilipozifunga. Nilisema.

Nimeita fundi umeme. Kafungua swichi, kaweka tesita, kacheka. Aliyefunga nyaya za nyumba hii alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini moto unabaki umesimama kwenye holda saa zote. Umeme kidogo unavujia kwenye nyaya na kwenye ukuta wenye unyevu. Globu haiusikii hata kidogo, ila saketi ya ndani ya LED inaukusanya tone kwa tone mpaka unatosha kung'arisha. Ndiyo maana jini hakuonekana miaka yote.

Jini ndiye aliyetuokoa, kwa kweli. Mimi nimebadilisha globu za korido hii mara sijui ngapi, nikiwa juu ya stuli, miguu peku, nikiamini swichi ikizimwa pamekufa. Fundi kageuza nyaya, kakagua na swichi nyingine (ya choo nayo ilikuwa hivyohivyo, na ndiyo iliyolisha waya wa banda), kachukua 10,000. Nimeilipa kwa furaha kuliko pesa yoyote ya mradi huu.

2 Machi

Fundi cherehani kaja na gauni. Mteja kalirudisha. Kitambaa ni damu ya mzee, na mshono wote wa pindo ameushona kwa uzi wa kahawia.

"Kaka, mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii."

Tumeweka vibunda viwili vya uzi mezani chini ya LED yake, ile ya 2,500 niliyokuwa nimebaki... hapana, nisiseme uongo kwenye daftari langu. Sita zilirudi dukani zote. Hii aliinunua mwenyewe kwa machinga baada ya kusikia hesabu zangu, ili asibaki nyuma. Chini yake vibunda vyote viwili ni kahawia, ndugu wa baba mmoja. Tukatoka navyo barazani, juani: kimoja chekundu cha damu, kingine cha udongo. Tukarudi tukafunga globu yake ya zamani ya 100. Vikatengana tena.

LED nyeupe si nyeupe kutoka ndani. Kijichipu chake kinatoa mwanga wa buluu (uvumbuzi wa buluu hiyo ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014), juu yake pamepakwa unga wa njano, na buluu ikichanganyika na njano jicho linaona nyeupe. Fungua balbu iliyokufa utaona vidoa vyake, vya njano kama kiini cha yai la kware. Unga ukiwa wa bei rahisi, wekundu unapungua, na rangi zenye wekundu ndani yake zinakufa: damu ya mzee, kahawia, hata rangi ya ngozi. Marehemu wa kwenye kioo cha mama mwenye nyumba huenda naye alitoka humo.

Kuna kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, kinaandikwa Ra au CRI. Globu ya zamani ni 100. LED za kawaida nzuri ni 80. Nimezunguka Kariakoo mpaka nikapata moja ya wati 10 yenye 90, 4000K, shilingi 12,000. Ghali kuliko taa zote nilizonunua. Nilimwambia fundi kwamba kama ataona bei ni kubwa abaki na globu yake ya 100, sitamlaumu: uniti 18 kwa mwezi ni shilingi 6,400, na gauni moja la kurudiwa ni zaidi ya hapo. Kaichukua ile ya 90. Leo usiku nimemkuta anapanga vibunda vyake vyote kwa rangi, bila kazi yoyote ya haraka, kama mtoto aliyepewa penseli mpya.

11 Machi

Mpira wa watoto umeipiga enaji seva ya uani. Imepasuka vipande vipande kwenye sakafu, karibu na mafiga ya mama lishe.

Nimewafukuza watoto wote kabla sijasogea. Ndani ya mabomba yale kuna zebaki, kidogo sana, miligramu chache tu, lakini haifai kuvutwa wala kuchanganywa na unga wa maandazi. Hufagii, kwa sababu ufagio unaitawanya. Tumeacha upepo upite robo saa, nimekusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga mdogo nimeuokota kwa selotepu, vyote nimevifunga kwenye kopo lenye kifuniko. Mama lishe kahamishia mafiga upande wa pili kwa siku mbili. Ni sababu hiyo ya zebaki iliyozifanya nchi za Mkataba wa Minamata zikubaliane kuacha kutengeneza na kuuziana enaji seva. Kwa hiyo bodaboda na mzee, za kwao zikifa, mjadala utakuwa mfupi.

Uani nimefunga LED ya wati 12, shilingi 6,500, juu zaidi kuliko mpira unavyoweza kufika. Nadhani.

1 Aprili

Mita ya Machi: uniti 154. Januari zilikuwa 332.

Wamepiga makofi barazani, na mimi nimekaa na daftari kwa sababu makofi hayakuwa sahihi yote. Pungufu ni 178. Globu ya banda ilizimwa kabisa tarehe 28 Februari vifaranga walipoota manyoya, na hiyo peke yake ni 72, ambayo hakuna LED iliyoiokoa. Taa zilipaswa kupunguza 115, kutoka 141 mpaka 26. Jumla ingekuwa 187. Kuna uniti 9 zilizopotea njiani. Mbili hivi ni za ile enaji seva ya uani iliyobaki mpaka tarehe 11. Zilizobaki nazituhumu feni, Machi ilikuwa ya moto. Na kuna mtu amenunua hita ya maji, nimeona boksi lake jalalani.

Matumizi yetu: taa 48,500, fundi umeme 10,000. Uniti 115 ni shilingi 41,000 kwa mwezi, hivyo pesa itakuwa imerudi kabla Aprili haijafika nusu. Mchango umeshuka mpaka 10,000. Mama mwenye nyumba kasema tofauti iwekwe akiba ya kununua bati la plastiki linalopitisha mwanga, tuliweke juu ya korido, mchana taa isiwake kabisa. Nimepiga hesabu palepale. Korido sasa inakula uniti 7 kwa mwezi, shilingi 2,400. Bati lile halitajilipa leo wala kesho. Sikusema. Korido ina giza, na bati ni zuri.

14 Aprili

Hita ni ya bodaboda. Wati 1,500. Tutakutana barazani Jumapili.

Mzee kauza kuku thelathini na nane, kaniletea mmoja, na globu ya 100 imefungwa kwenye gazeti. "Niwekee kwako, huku kwangu watoto wataivunja." Imo kabatini kwangu, nyuma ya mashati. Anaiulizia kila wiki. Kundi jipya linaingia mwezi wa sita, na ameshatenga 13,000 ya umeme wake wa usiku kwenye kopo la maziwa.